Mume wangu hajawahi kuvuta sigara: virusi vinaletaje saratani ya koo?

Swali: "Daktari, pole na kazi. Mume wangu ana miaka 54. Sigara hajawahi kuvuta, pombe hanywi. Miezi michache iliyopita aliota uvimbe shingoni upande wa kulia, hauumi. Alipewa antibiotiki mara mbili, haukuisha. Mwishowe walichukua kinyama, wakasema ni saratani ya tonsili iliyofika kwenye tezi za shingo, na kwamba imetokana na virusi, 'p16 chanya'. Nilipouliza virusi gani, nikaambiwa ni HPV, vile vile vya saratani ya mlango wa kizazi. Tangu hapo silali. Virusi hivyo vilifikaje kooni? Ina maana ana mtu nje? Mimi na watoto tuko salama? Na je, atapona?"

Jibu: Dada, pole sana, wewe na mume wako. Umeuliza mengi kwa pamoja, na naona linalokunyima usingizi zaidi ni lile la mtu wa nje. Nitalifikia, wala sitalizunguka. Ila naanza na la mwisho, kwa sababu ndilo linalopaswa kuongoza wiki zinazokuja. Saratani ya tonsili inayotokana na HPV ni miongoni mwa saratani za kichwa na shingo zinazosikia tiba vizuri zaidi, hata ikiwa imeshafika kwenye tezi za shingo. Wagonjwa wengi wenye ugonjwa kama wa mume wako wanatibiwa kwa nia ya kupona kabisa, na wengi wanapona. Hilo lishike unaposoma yanayofuata.

Ndiyo, virusi vinaweza kuleta saratani ya koo. Mwaka 1983 mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, walitambua HPV ya aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Tangu miaka ile ya themanini walikuwepo watafiti waliohisi kwamba virusi hivi vinahusika pia na saratani za kinywa na koo, lakini madaktari wengi hawakushawishika, kwani sigara na pombe zilionekana kutosha kueleza kila kitu. Mwaka 2000 Maura Gillison na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupima vinyama vya wagonjwa 253 wa saratani za kichwa na shingo. Walikuta HPV katika robo ya vinyama hivyo, zaidi kwenye saratani za tonsili na maeneo jirani, na kati ya vile vyenye virusi, aina ya 16 ilikuwemo katika 90%. Wenye virusi hivyo hawakuwa wavutaji na wanywaji wakubwa kama wenzao, na hatari yao ya kufa kwa saratani ilikuwa ndogo zaidi. Mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilichapisha tathmini yake kwamba ushahidi unatosha: HPV 16 inasababisha saratani katika eneo hilo la koo.

Mabadiliko yamekwenda kasi. Jijini Stockholm, watafiti waliopima vinyama vya saratani ya tonsili vilivyohifadhiwa kwa miaka mingi walikuta HPV katika 23% ya vile vya miaka ya sabini. Katika vile vya mwaka 2006 na 2007 ilikuwa 93%. Nchini Marekani inakadiriwa kwamba takribani 70% ya saratani za eneo hili zinahusishwa na HPV. Mahali ambako uvutaji bado ni mwingi uwiano huo huwa mdogo zaidi, kwa sababu tumbaku inaendelea kuzalisha wagonjwa wake. Mume wako si kiroja, basi. Mwanaume wa makamo, asiyevuta, mwenye uvimbe wa shingo usiouma ndiye hasa mgonjwa ambaye vitabu vya sasa vinamweleza.

Hapa lazima nitenganishe sehemu za koo, maana watu wanachanganya na kutishana bure. Saratani ya mume wako iko kwenye koromeo la kati: tonsili mbili, shina la ulimi, kaakaa laini na ukuta wa nyuma unaouona mtu akipanua mdomo. Huko ndiko HPV ilikojikita. Chini kidogo kuna zoloto, yaani kisanduku cha sauti. Kule sigara na pombe bado ndizo zinazotawala, na mchango wa HPV katika saratani ni mdogo. Aina nyingine za HPV, ya 6 na ya 11, huotesha vinyama kama chunjua kwenye zoloto vinavyokwaza sauti na pumzi, lakini ni mara chache mno vinageuka saratani. Kwenye umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, uhusiano na HPV haujathibitishwa. Juu kabisa, nyuma ya pua, kuna saratani inayohusishwa na virusi vingine kabisa, na hivyo nitavigusa mwishoni kwa ajili ya wasomaji wengine.

Kwa nini tonsili, na si shavu au ufizi? Tonsili ni kituo cha kinga. Ukiitazama kwa darubini utaona haina uso laini. Imejaa mifereji myembamba inayozama ndani. Ngozi inayotandaza mifereji hiyo ni nyembamba na ina nafasi nafasi, makusudi, ili chembe nyeupe za damu zikutane na vijidudu vinavyopita na kujifunza kuvitambua. Kwingineko mwilini HPV inahitaji mchubuko ili ifikie chembe za chini kabisa za ngozi, zile zinazogawanyika, ambazo ndizo inazozitaka. Kwenye mifereji ya tonsili na ya shina la ulimi chembe hizo zipo karibu wazi. Na virusi vikishatulia kule chini, ni vigumu kuviona kwa macho na ni vigumu kuvifikia.

Watu wengi wanaovipata mdomoni hawapati kitu. Kinga yao inaviondoa, mara nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili, bila dalili yoyote na bila wao kujua. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulipima mate ya watu wa miaka 14 hadi 69: takribani 7% walikuwa na HPV ya aina yoyote mdomoni, lakini aina ya 16 ilikutwa kwa 1% tu. Wanaume walikuwa na HPV ya aina yoyote karibu mara tatu ya wanawake, 10.1% kwa 3.6%. Mojawapo ya maelezo yanayotolewa ni kwamba wanawake wanaopata HPV ukeni hujenga kingamwili zaidi kuliko wanaume wanavyofanya, na kingamwili hizo huenda zinawalinda kooni pia.

Kwa wachache, virusi havitoki. Vinakaa miaka. Hapo ndipo protini zake mbili, E6 na E7, zinapofanya uharibifu. E6 inaivunjavunja p53, protini ambayo kazi yake ni kuisimamisha chembe iliyoharibika vinasaba vyake ili ijirekebishe au ife. E7 inaikamata protini nyingine, Rb, ambayo huizuia chembe isigawanyike ovyo. Chembe iliyopoteza zote mbili inagawanyika bila mpaka, na makosa yanarundikana ndani yake mwaka hadi mwaka. Kutoka maambukizi hadi uvimbe unaoonekana hupita muda mrefu, mara nyingi zaidi ya miaka 10, na inaweza kufika 20 au 30. Watafiti wamewahi kupima damu iliyotunzwa ya watu waliokuja kuugua baadaye, wakakuta kingamwili dhidi ya E6 ya HPV 16 zimekuwemo zaidi ya miaka 10 kabla ya saratani kugunduliwa.

Sasa ile p16 uliyoambiwa ni chanya. p16 si kirusi, wala si sehemu ya kirusi. Ni protini ya mwili wenyewe inayojaribu kupunguza mgawanyiko wa chembe, na inafanya hivyo kwa kupitia Rb. Rb ikishaondolewa na E7, mwili unazidi kumwaga p16 bila mafanikio, kama dereva anayekanyaga breki ambayo waya wake umekatika. Kwa hiyo kinyama kilichojaa p16, kikitoka kwenye tonsili au shina la ulimi, ni ishara kubwa kwamba HPV iko kazini. Ishara hiyo si kamilifu. Takribani mgonjwa 1 kati ya 10, p16 na kipimo cha virusi vyenyewe havikubaliani, na wagonjwa hao hawafanyi vizuri kama wale ambao vipimo vyote viwili ni chanya. Ikiwa maabara yenu inaweza kupima vinasaba vya HPV kwenye kinyama kile kile kilichokwisha kuchukuliwa, ombeni. Hakuna haja ya kumkata tena.

Tuje kwenye ndoa yako.

HPV ya kooni hupatikana hasa kwa ngono ya mdomo. Nalisema waziwazi kwa sababu ukilikuta mahali pengine bila maelezo litakuumiza zaidi. Utafiti wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watu waliowahi kufanya ngono ya mdomo na wenza 6 au zaidi maishani walikuwa na hatari ya saratani hii karibu mara tatu na nusu ya wasiowahi. Hapo ndipo watu wengi wanaishia kusoma, na nyumba zinavunjika. Lakini tafadhali soma na upande wa pili. Idadi hiyo inahusu maisha yote ya mtu, pamoja na ujana wake kabla hajakufahamu. Na wapo wagonjwa wengi wa saratani hii ambao wamekuwa na mwenza mmoja au wachache tu. HPV ni maambukizi ya kawaida kiasi kwamba watu wengi walioanza kujamiiana huyapata wakati fulani, wanaume kwa wanawake, waaminifu kwa wasio waaminifu. Mwenza mmoja anatosha.

Kinyama cha mume wako hakina tarehe. Hakuna maabara popote inayoweza kusema virusi hivi viliingia mwaka gani, vilitoka kwa nani, au kama vilipita kwako kuja kwake au kwake kuja kwako. Ukihesabu miaka ambayo saratani hii inachukua kukua, maambukizi yake yangeweza kutangulia harusi yenu, na yangeweza pia kutokea ndani ya ndoa ambayo hakuna aliyetoka nje. Mimi siwezi kukuapia juu ya uaminifu wa mume wako. Siwezi kumwapia mtu yeyote. Ninachokuapia ni kwamba ugonjwa huu si ushahidi wa usaliti wa jana wala wa mwaka jana, na anayeusoma hivyo anausomea kitu ambacho haukuandika. Kuna mazungumzo ambayo mke na mume wana haki ya kuyafanya. Kuyafanya katikati ya wiki saba za mionzi, wakati mmoja wao hawezi kumeza mate, ni kumwondolea mgonjwa nguvu anayoihitaji ili amalize tiba. Nimeona wagonjwa wanaokosa vipindi vya mionzi kwa sababu nyumbani hapakaliki, na vipindi vilivyokosekana vinapunguza uwezekano wa kupona. Ndiyo maana nimekawia hapa kuliko kwingine.

Wewe mwenyewe, je? Saratani haiambukizi. Huipati kwa kumkumbatia, kula naye sahani moja, kutumia glasi yake au kulala naye kitanda kimoja. Kuhusu virusi, kama vipo kwenye uhusiano wenu, mwili wako umeshakutana navyo zamani na kuna uwezekano mkubwa umeshaviondoa. Watafiti waliowapima wenza wa muda mrefu wa wagonjwa hawa hawakukuta HPV mdomoni mwao kwa kiwango kikubwa kuliko kwa watu wengine. Hampaswi kuacha kubusiana wala kuacha tendo la ndoa kwa sababu ya ugonjwa huu. Wanandoa wengi huacha kimyakimya, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake, na mgonjwa anabaki akijiona najisi. Mwambie waziwazi kwamba humwogopi.

Hakuna kipimo cha kawaida kinachopendekezwa cha kutafuta HPV kooni kwa mtu asiye na dalili, kwa hiyo usihangaike na anayekuuzia kipimo cha mate. Jibu chanya halingekuambia kama utaugua, na hakuna dawa ambayo ungepewa. Kipimo chenye maana kwako ni kile kinachomhusu kila mwanamke wa umri wako: uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa ratiba ya kawaida. Kama umeupita muda, nenda, si kwa sababu mume wako anaumwa bali kwa sababu unastahili.

Kwa watoto, jambo la kufanya ni chanjo. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa mwaka 2006, na zote zilizopo zinalinda dhidi ya aina ya 16. Inafanya kazi vizuri zaidi kabla mtu hajaanza kujamiiana, na umri unaolengwa hasa ni miaka 9 hadi 14. Haiondoi maambukizi yaliyokwisha kuingia, kwa hiyo haiwezi kumtibu mume wako. Katika utafiti wa Costa Rica, wanawake vijana waliopimwa miaka minne baada ya kuchanjwa walikuwa na maambukizi ya mdomoni ya aina ya 16 na 18 pungufu kwa takribani 93% wakilinganishwa na wasiochanjwa. Upungufu wa saratani ya koo yenyewe utachukua miongo kuonekana, kwani ugonjwa wenyewe unachukua miongo kutokea, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani iliona ushahidi unatosha, na mwaka 2020 ikaongeza saratani za koo kwenye orodha ya magonjwa ambayo chanjo hiyo inatumika kuyazuia. Nchi nyingi zilianza na wasichana peke yao. Australia iliwaingiza wavulana mwaka 2013, Uingereza mwaka 2019. Kwa maoni yangu, baada ya yote tunayoyajua kuhusu tonsili, kumwacha mvulana bila chanjo pale ambapo inapatikana hakuna utetezi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema dozi moja inaweza kutosha kwa vijana wenye kinga ya kawaida, hivyo hata gharama na usumbufu vimepungua. Mtoto anayeishi na VVU anahitaji dozi zaidi ya moja.

Sasa tiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulifuatilia wagonjwa wa saratani ya koromeo la kati iliyokwisha kusonga mbele, waliotibiwa kwa mionzi pamoja na dawa ya sisplatini. Miaka mitatu baadaye, 82.4% ya wenye HPV walikuwa hai, dhidi ya 57.1% ya wasio nayo. Tofauti hiyo ni kubwa kiasi kwamba hatua za ugonjwa zililazimika kupangwa upya: katika mfumo uliochapishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika miaka iliyofuata, uvimbe mdogo wa tonsili wenye p16 chanya na tezi za upande mmoja wa shingo zisizozidi sentimita 6 unaitwa hatua ya kwanza. Zamani mgonjwa huyo huyo, tezi zikiwa zaidi ya moja, angeandikiwa hatua ya nne. Kwa hiyo ukikuta karatasi mbili zinasema hatua tofauti, uliza kwanza zimetumia mfumo upi kabla hujalia.

Kinachoweza kuharibu faida hiyo ni sigara. Katika utafiti ule ule, mwenye HPV aliyevuta kwa kiwango kinachozidi pakiti moja kwa siku kwa miaka 10 hakufanya vizuri kama asiyevuta. Mume wako ana bahati hiyo tayari, na asikae na wanaovuta wakati wa mionzi.

Mpango wa kawaida ni mojawapo kati ya mawili. Uvimbe ukiwa mdogo, daktari wa upasuaji anaweza kuutoa kupitia mdomoni, pamoja na tezi za shingo, kisha ikaamuliwa kama mionzi inahitajika. Au mgonjwa anapewa mionzi tangu mwanzo, kwa kawaida vipindi 35 ndani ya wiki 7, siku tano kwa wiki, pamoja na sisplatini. Ipi inamfaa itategemea picha zake na ujuzi wa hospitali yenu, na sipendi kuamua hilo kwa mtu ambaye sijamtia machoni.

Ila kuna ushauri mmoja utakaokutana nao ambao nataka uukatae. Utasikia kwamba kwa kuwa saratani hii inasikia dawa, anaweza kupewa tiba nyepesi. Wazo hilo ni la heshima, na linafanyiwa utafiti kwa bidii kwa sababu mionzi ya koo ina gharama kwa mgonjwa. Lakini majaribio mawili makubwa yaliyotoa matokeo mwaka 2018 yalibadilisha sisplatini kwa dawa iliyodhaniwa kuwa laini zaidi, setuksimabu. Waliopewa setuksimabu walirudiwa na ugonjwa zaidi na walikufa zaidi, na madhara makali hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Tiba pungufu inapaswa kutolewa ndani ya utafiti unaosimamiwa tu. Vivyo hivyo kwa anayekuletea mizizi na kusema subirini kidogo: uvimbe ambao leo unatibika hausubiri.

Wiki saba hizo zitakuwa ngumu, na zitaendelea kuwa ngumu wiki kadhaa baada ya kipindi cha mwisho. Mdomo utakauka, mate yatakuwa mazito kama gundi, ladha itapotea, koo litachubuka. Dawa za maumivu zitumike kwa saa zake, wala asisubiri hadi azidiwe. Apimwe uzito kila wiki. Akishindwa kula, mrija wa kulishia si kushindwa. Aendelee kumeza hata kijiko kimoja cha maji na afanye mazoezi ya kumeza atakayofundishwa, kwani misuli ya koo isiyotumika inakakamaa. Sisplatini inaweza kugusa figo na masikio, hivyo akisikia mlio masikioni aseme siku hiyo hiyo. Na miezi ya baadaye apimwe tezi ya shingo inayotengeneza homoni, kwa kuwa mionzi huidhoofisha.

Picha ya kuangalia kama saratani imeisha hupigwa karibu wiki 12 baada ya mionzi kwisha. Si mapema. Tezi za HPV hunywea polepole, na picha ya haraka inaweza kuonyesha kitu ambacho kinakufa chenyewe, mkaingia upasuaji usiohitajika.

Kwa wasomaji wengine, maneno machache juu ya kile kirusi cha nyuma ya pua. Ni cha Epstein-Barr, EBV, kilichogunduliwa mwaka 1964 na Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong kutoka kwenye uvimbe wa watoto wa Uganda, ule aliouelezea daktari Denis Burkitt. Zaidi ya 90% ya watu wazima duniani wanacho, wamekipata kwa mate, na hawataugua kamwe. Saratani ya nyuma ya pua huwapata wachache sana, zaidi kusini mwa China, Asia ya kusini-mashariki, kaskazini mwa Afrika na miongoni mwa watu wa Aktiki, pale ambapo kirusi kinakutana na urithi wa vinasaba na vyakula fulani, hasa samaki wa chumvi wa mtindo wa Kichina. Hapa, tofauti na HPV, damu inaweza kusaidia kugundua mapema. Hong Kong ilipima damu ya wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili kutafuta vinasaba vya EBV. Saratani 34 zikapatikana, na 71% ya hizo zilikuwa katika hatua mbili za mwanzo. Mahali ambapo ugonjwa ni nadra kipimo hicho hakina tija. Dalili zake ni pua kuziba au kutoa damu upande mmoja, sikio moja kujaa na kupoteza usikivu, na uvimbe juu shingoni.

Hilo la uvimbe linanirudisha kwako. Antibiotiki mara mbili ndiyo hadithi ninayoisikia mara nyingi kuliko zote. Kwa mtu mzima, uvimbe wa shingo unaodumu zaidi ya wiki mbili au tatu ni saratani hadi ithibitishwe vingine, hata kama hauumi, hata kama mtu ana afya tele na hajawahi kugusa sigara. Tezi za HPV mara nyingi hujaa maji, na mtu wa zaidi ya miaka 40 anaambiwa ni kifuko cha kuzaliwa nacho. Mwenye uvimbe huo, au tonsili moja iliyokua kuliko nyenzake, au koo linalouma upande mmoja huku sikio la upande huo likiuma pia, au sauti iliyokwama zaidi ya wiki tatu, aende kwa daktari wa masikio, pua na koo atazamwe kwa kamera, na uvimbe uchomwe sindano ya kupima.

Kwenye miadi ijayo, ingia na daftari. Uliza kama HPV yenyewe imepimwa, hatua imeandikwa kwa mfumo upi, kama kesi yake imejadiliwa na daktari wa upasuaji na wa mionzi pamoja, na mionzi inaanza lini. Halafu, kabla ya siku hiyo, mpeleke kwa daktari wa meno. Jino bovu linalohitaji kung'olewa ling'olewe sasa, kidonda kipate wiki mbili tatu za kufunga, kwa sababu kung'oa jino kwenye taya lililokwisha kupigwa mionzi kunaweza kuacha mfupa usiopona. Hilo ndilo la kwanza la kufanya wiki hii.